Kofia Kiooni

Mombasa, Alhamisi, 26 Mei 1955

Kwa shangazi yangu Bi Ummu, Mkomani, Lamu.

Assalaam alaykum. Mungu akupokelee saumu na sala zako, akufikishe Idi nyingine ukiwa na afya na meno yako yote. Mimi ni mzima. Pilau ya Idi nimeila kwa kina Jaafar, mwenzangu wa forodhani, maana mama yake hakubali mgeni apike peke yake chumbani siku ya sikukuu. Ni Idi ya kwanza bila Mama, na hilo sitaliandika zaidi. Nisalimie dada yangu Alawiya na mumewe Famau.

Shangazi, naandika polepole ili nisikosee.

Hapa Mombasa sikukuu haikamiliki bila filamu mpya. Kabla mwezi haujaandama, lori lenye kipaza sauti huzunguka mitaani likitangaza, na mabango hubandikwa hata kwenye ukuta wa soko la samaki. Mwaka huu filamu ni ya Kihindi, imekuja na meli kutoka Bombay, na masanduku yake nimeyapigia muhuri mimi mwenyewe. Siku hiyohiyo lilipita sanduku dogo kutoka Uingereza. Juu yake pameandikwa kuwa ni filamu fupi, na jina la Lamu. Nilifurahi. Nilimwambia Jaafar, "Mji wangu unaingia sinema kabla yangu."

Jana, Idi pili, tulikwenda sinema ya Nurani. Watu walijaa, kanzu mpya bado zina mikunjo ya dukani, udi umenuka mpaka barabarani. Kabla ya filamu kubwa ikaja ile fupi. Tukauona mji kutoka baharini, punda wa kubeba mawe, milango ya nakshi. Sisi wa Lamu tulipiga makofi. Kisha picha ikaingia ndani ya nyumba.

Nilivijua vidaka vya ukutani kwanza. Nikaziona sahani zako za buluu, ile ya tatu ina ufa. Chini yake, kitandani, ameketi bibi harusi siku ya kutolewa nje mbele ya wanawake wenzake, hina mpaka viwikoni, dhahabu ya marehemu bibi kichwani, macho ameyafumba kama inavyompasa. Mpaka hapo moyo wangu ulikuwa ukikataa. Kisha akafumbua macho, akatazama mbele yake, akacheka.

Ni Alawiya.

Nyuma yangu mtu akasema, "Kumbe watu wa Lamu ndivyo wanavyofungia ndani vito vyao!" Watu wakacheka, mmoja akapiga mbinja. Jaafar, ambaye hajui kitu, akanigonga bega: "Mtu wa kwenu huyo, Ridhwani?" Nikamwambia simjui. Nimemkana dada yangu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekataa sigara. Filamu kubwa ikaanza na ikaisha, nami sikuifuata.

Nakuomba unijibu. Nani aliingiza mashine ya picha chumbani siku ambayo hata mimi, ndugu yake wa tumbo moja, nisingeruhusiwa kupita mlangoni? Tena kuna jambo ndani ya kile kioo kikubwa kinachoelekea kitanda. Hilo siliandiki mpaka nipate neno lako.

Alawiya asijue, na Famau ndiye kabisa asijue. Ndoa yao haijatimiza mwaka.

Mwanao,
Ridhwani bin Mohdhar


Lamu, Jumatano, 8 Juni 1955

Mwanangu Ridhwani,

Wa alaykum salaam. Barua yako nimeipata yeo asubuhi. Mto umefurika Garsen na lori la posta lililala huko na barua za watu. Wewe waniandikia kwa herufi za skuli, nami nakujibu kwa zetu za chuoni, za Kiarabu, na alhamdulillahi bado twasomana. Mimi si mbaya. Mvua imeingia dari ya msana wa chini, ukumbi ule wa kwanza, na nimeweka masufuria. Alawiya yu mzima, ameshika kushona mito ya sebuleni, na akija huuliza kama umeandika. Yeo nimemwambia hujaandika. Ndio uongo wangu wa kwanza tangu Ramadhani.

Niliposoma habari ya ile sahani ya tatu niliinuka nikaenda kuitazama, kana kwamba imesafiri bila ruhusa yangu.

Nitakujibu ulichouliza. Siku ile alikuja Bi Mzungu mmoja, mgeni wa serikali. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikula kwa mkono, halua ikamganda vidoleni, akacheka pamoja nasi. Alikuwa na mashine kama kisanduku cha chai, akaomba kwa adabu atie picha. Somo wa Alawiya, kungwi wake, akanitazama mimi, mwenye nyumba. Nami nikasema: huyu ni mwanamke, na sote tuliomo ni wanawake, haramu iko wapi? Aingie.

Picha ninazozijua mimi ni zile za karatasi, mtu huzitia ndani ya kasha na kufuli. Sikujua kuwa mato ya kisanduku kile, macho msemavyo huko, yamebeba mato ya wanaume wa Mombasa nzima. Nimeiweka kalamu nikaishika tena. Sote tulijifunika hatua zote za ndia mtaani, tukaja tukafunuliwa ndani ya nyumba yangu, na idhini nimetoa mimi.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Famau amesafiri juzi. Anakuja huko kununua vitambaa vya duka lake vya Idi ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja, na atashukia kwako.

Umeona nini kiooni? Sema.

Shangazi yako,
Ummu


Mombasa, Alhamisi, 16 Juni 1955

Shangazi mpenzi,

Salamu nyingi. Nashukuru kusikia u mzima, na pole kwa dari. Nitakutumia mabati yakishuka bei. Mama yake Jaafar anakusalimia ingawa hamjaonana.

Famau alifika kabla ya barua yako. Filamu ya Kihindi bado imo palepale, maana watu hawajaichoka, na ile fupi huonyeshwa kila siku mbele yake. Niliandika mpango wa siku zake zote: asubuhi kwa wauza vitambaa, alasiri msikitini, jioni matembezi ya Kilindini, mbali na mabango. Mpango ulikwenda vizuri mpaka Jaafar alipopita jioni ya Jumanne.

"Bwana Famau," akasema, "umetoka Lamu na hujaiona Lamu? Iko Nurani. Tiketi juu yangu."

"Mimi naumwa na tumbo," nikasema.

"Basi wewe lala. Sisi twende."

Nikainuka nikaenda. Nilifikiri nikikaa pembeni yake naweza kumziba kwa maneno. Picha ilipoingia ndani ya nyumba nikaanza kumuuliza habari ya bei ya vitambaa vya shiti. Hakunijibu. Alawiya alipofumbua macho, Famau aliushika mkono wa kiti na hakuuachia. Filamu kubwa ilipoanza akainuka, akatoka, nami nyuma yake. Jaafar alibaki ndani na njugu zake.

Tulitembea mpaka karibu na nyumbani. Kisha akasimama.

"Yule kiooni aliyevaa kofia, ni nani?"

"Sikuona."

"Umeitazama mara ngapi, Ridhwani?"

"Mara nne."

"Mara nne hukuona."

Akasema, taratibu tu, "Kuonekana kwake si kosa lake. Amepigwa picha ndani ya nyumba ya watu wazima. Lakini mimi Alawiya hajapata kunichekea vile. Alimchekea nani?"

Sasa naliandika, shangazi, kwa kuwa yeye ameshaliona. Kioo kile kinamwonyesha aliyeshika mashine: mwanamke, ameinama, nywele zake zi wazi. Huyo ni Bi Mzungu wako. Nyuma yake amesimama mtu mwingine. Amevaa nguo nyeupe na kofia ya kizungu, ile pana ya majani ya kukingia jua, ameivuta mpaka kwenye nyusi. Uso umo kivulini, hauonekani. Ni Mzungu mwanamume. Niliandika hivyo katika shajara yangu siku ya kwanza, na kila nilipokwenda tena nilikwenda nikitumaini kuwa nimekosea.

Ulisema mlikuwa wanawake peke yenu. Alawiya anafumbua macho na kumchekea mtu huyo, si mashine. Alikuwa nani?

Famau ameondoka asubuhi hii. Hakuniaga vibaya. Hakuniaga vizuri.

Ridhwani


Lamu, Jumamosi, 25 Juni 1955

Mwanangu Ridhwani,

Salamu. Mabati usilete, nimeziba kwa chokaa. Yule punda wa jirani amezaa.

Famau amefika. Humtumia Alawiya chakula na mafuta ya taa, na hulala dukani. Watu wamwambia kuna joto ndani ya nyumba, naye huitikia kuwa ndiyo, joto. Na huu ni wakati wa kusi, watu wajifunika mablanketi.

Hapakuwa na mwanamume ndani ya nyumba yangu. Naapa kwa Aliyeniumba. Zaidi ya hapo usiniulize, wala usimuulize Alawiya.

Ummu


Mombasa, Jumamosi, 2 Julai 1955

Shangazi,

Salamu kwako na kwa wote. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa mikunjoni. Wasema hapakuwa na mwanamume, na mimi nimemwona. Wasema nisiulize. Basi nikae vipi? Famau ameniandikia. Barua yake ni fupi na ya adabu. Anasema amemuuliza Alawiya mara moja tu, naye amenyamaza. Hatamuuliza tena. Atangoja mpaka Idi ipite, ili asiwaharibie watu sikukuu, na kama hadi hapo hakuna aliyemwambia mtu yule ni nani, atakwenda kwa kadhi, ampe Alawiya karatasi yake.

Umesikia, shangazi. Dada yangu ataachwa, na sababu ni kofia.

Kuna jingine. Filamu imeondolewa Nurani. Ile fupi inaletwa kwenu. Itaonyeshwa Idi pili, uwanjani mbele ya ngome, kwa turubai na mashine ya serikali, zawadi ya sikukuu kwa watu wa Lamu. Sanduku lililala ghalani kwetu likingoja meli. Jana mchana walinzi walikwenda kula nikabaki nalo peke yangu. Maji yalikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Nililinyanyua, si zito. Kisha nikalirudisha mahali pake na kupiga muhuri, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na sijui kama nilifanya haki au woga.

Watu wote mnaowajua watamwona. Kadhi atamwona. Wenye maduka ya jirani ya Famau watamwona na watamhesabia dhambi ya yule wa kiooni.

Mama angekuwa hai ningemwandikia yeye, naye angenijibu. Niambie alikuwa nani.

Ridhwani


Lamu, Jumatano, 13 Julai 1955

Mwanangu Ridhwani, mwana wa ndugu yangu,

Salamu. Habari za nyumba yeo niziache.

Umeandika kuwa mama yako angekuwa hai angekujibu. Neno hilo limenikalisha kitako. Basi soma ukiwa umeketi na wewe.

Wajua baba yako alikufa Mfungo Tatu wa mwaka jana, na wajua wasia wake: harusi ya Alawiya isiahirishwe, iwe baada ya Maulidi kama alivyoahidiana na kina Famau. Nasi tulitii. Lakini mama yako, Hadia, alikuwa eda. Mjane wa miezi mitatu hatoki, hajipambi, haketi karamuni. Kwa hiyo harusi tukaifanya kwangu, na yeye akabaki kwenu, ng'ambo ya ndia, mlango umefungwa.

Lakini wikio lipo. Wewe ukiwa mdogo ulikuwa ukilala mle kwa upepo, katika chumba kile kilichopita juu ya ndia kutoka nyumba yenu hadi yangu. Mlango wa upande wangu niliufunga kwa ufunguo siku ya mazishi.

Siku ile nyumba imejaa, ngoma zapigwa, nikasikia mlango wa wikio ukigongwa kwa kucha.

"Wifi, nifungulie."

"Wifi, uko eda."

"Mguu wangu hautakanyaga ndia. Nitatoka nyumbani na kuingia nyumbani. Nimwone tu, nirudi."

Nilikuwa na ufunguo kiunoni. Ridhwani, nilifungua.

Alisimama nyuma kabisa, na nguo yake nyeupe ya eda, nyuma ya yule Bi Mzungu, ambapo wanawake wote walikuwa wamempa mgongo wakimtazama bibi harusi. Na bibi harusi alikuwa akilia. Amefumba mato kama ada, na machozi yapita chini ya kope yaharibu wanja, kwa kuwa baba hayupo na mama hayupo. Somo wake amfinya kiuno, amnong'oneza, "Wewe, wataka kututia aibu?" Hakunyamaza.

Bi Mzungu alikuwa ameivua kofia yake, ameiweka juu ya kiti. Sikuona mama yako alipoichukua. Nilipogeuka ilikuwa kichwani mwake, imeshuka hadi nyusi, amejikaza kama bwana mkubwa wa serikali aliyekuja kukagua choo. Kisha akakohoa. Nawe wakijua kile kikohozi chake, cha kuwaonya mkicheza saa ya sala.

Alawiya alikijua. Akafumbua mato. Akacheka.

Ni hapo tu. Alivua kofia, akarudi wikioni, nami nikafunga. Usiku akaniita, ametaharuki. Aliogopa eda yake imeharibika, aliogopa zaidi watu waje waseme kuwa mjane wa Mohdhar alivaa kofia ya Kizungu akacheza harusini, kaburi la mume halijakauka. Akanishika mkono, akaniapisha mimi na Alawiya tusiseme maisha. Mwezi wa Rajabu Mungu akamchukua.

Ndio sababu Alawiya alinyamaza mbele ya mumewe. Aliona afadhali aachwe kuliko mama yake asemwe. Nami nilinyamaza pamoja naye. Hatukujua kuwa mashine imeshasema.

Kiapo nimekivunja kwa barua hii. Kafara yake nitafunga.

Huyo uliyemwandika kuwa Mzungu mwanamume ni mama yako.

Ummu


Mombasa, Jumatano, 20 Julai 1955

Shangazi,

Salamu. Barua nimeipata asubuhi na kazini sikwenda. Ni mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Nilikwenda Nurani. Nilijua filamu haipo, na muhuri niliupiga mwenyewe, lakini nilikwenda. Fundi wa mashine alikuwa akifagia. Nikamuuliza kama hakuna hata kipande kilichobaki. Akacheka, akasema, "Bwana, wewe na ile filamu ya punda!"

Mara nne nimemtazama Mama, na kila mara nilimlaani. Mara ya tatu nilimlaani kwa sauti.

Mwambie Famau. Kiapo kilikuwa chako na umeshakivunja. Mwambie kabla turubai halijatundikwa. Kama hataki kuamini, basi awe amekataa kweli, si uongo.

Ridhwani


Lamu, Jumanne, 2 Agosti 1955

Mwanangu Ridhwani,

Wa alaykum salaam, na Idi yako iwe imepita kwa heri. Tumechinja mbuzi mmoja kwa niaba ya baba yako na mama yako. Ngozi nimempa mwalimu wa chuo.

Nilikwenda dukani kwa Famau siku mbili kabla ya Idi, saa ya adhuhuri watu wakiwa msikitini. Nilimwambia yote, wikio, kofia na kikohozi. Alikuwa akikunja kitambaa. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Mwisho akasema, "Nimesikia, Bi Ummu." Sikujua ameamini au amenisikia tu kama mtu asikiavyo mvua. Idi ya kwanza alituma nyama. Kulala alilala dukani.

Idi pili, baada ya isha, mji wote ulikuwa uwanjani. Wanaume chini, wamekaa kwenye majamvi. Sisi wanawake tulipanda dari ya rafiki zetu kina Nana, iliyo nyuma ya mashine, tukatazama kupitia matundu ya ukuta. Nilimwambia Alawiya abaki nyumbani. Akasema, "Shangazi, nikibaki watajua ni mimi. Nikija watajua ni mimi. Nije nimwone mama."

Ikaanza. Ikaja bahari, wakacheka kujiona. Akaja punda, mtu akaita, "Huyo ni wangu, ananidai majani!" Ukaja mlango wangu. Alawiya alinishika mkono hadi bangili zikaniingia.

Hapo nikamwona Famau akiinuka. Alikuwa amekaa karibu na mashine, na sasa nafahamu kwa nini. Akasimama mbele yake hatua chache, akaigeukia, akafungua joho lake kwa mikono miwili kama mtu anayekinga upepo. Turubai likawa jeusi, kivuli chake kitupu.

Fundi akapiga kelele, "Wewe bwana, toka!" Na watu nao, wajua walivyo: "Famau, kanzu yako tumeiona tangu jana, tuonyeshe sinema." "Amelewa halua."

Famau akasema, "Sehemu hii si yenu. Ikipita nitaketi."

Hakupaza sauti. Mzee Jeilani, imamu wetu, alikuwa safu ya mbele. Alitazama lile joho kitambo, sidhani alijua ni nini, lakini alijua kuwa mtu kama Famau hafanyi mchezo. Akageuka akautazama ukuta wa ngome. Na waliokuwa karibu naye wakageuka, mmoja mmoja, mpaka wengine wote wakanyamaza. Fundi naye akaacha kelele. Mashine ilikuwa ikisaga peke yake.

Sasa nikuambie tulichokiona sisi kutoka juu. Ile picha haikupotea, Ridhwani. Ilimwangukia Famau. Kanzu yake ilikuwa nyeupe, mpya, na pale kifuani ikatua, ndogo, imefifia kidogo kama kitu kilicho ndani ya maji. Kitanda, vidaka, Alawiya na dhahabu yake. Mwanga ulimpiga usoni hata hakuweza kutazama mbele. Akainamisha kichwa, akajitazama. Alawiya wa kifuani akafumbua mato akacheka, na pembeni, chini ya bega lake, kikatokea kioo na ile kofia.

"Mama," akasema Alawiya. Basi.

Famau aliitazama ile kofia mpaka ilipotoweka. Zikaja sinia za wali, akafunga joho, akaketi. Watu wakageuka kwenye turubai, wakalaumu kuwa wali wa sinema hauna harufu.

Tulirudi nyumbani. Hatukuwa tumevua mabuibui, mlango ukagongwa. Akaingia Famau, akanisalimu, akaomba maji. Akanywa yote. Kisha akamwambia mkewe, "Hicho kikohozi kilikuwaje?"

Alawiya alitazama chini. Akakohoa.

Nilikuwa nimeshika mtungi. Ni kile chenyewe, Ridhwani. Hata mimi nilisimama wima kama mtoto aliyekamatwa saa ya sala. Famau akasema, "Ningekuwa mimi pia ningefumbua macho." Na Alawiya akacheka, mbele ya mumewe, nami nikaenda jikoni ambako sikuwa na kazi.

Mto wake wa kulalia dukani ameuleta nyumbani asubuhi.

Njoo likizo yako ikifika. Ufunguo wa wikio nimeutoa kiunoni, na mlango sasa hukaa wazi.

Shangazi yako,
Ummu


Mombasa, Jumatano, 10 Agosti 1955

Kwa shangazi yangu mpenzi Bi Ummu,

Salamu kwako, kwa dada yangu na kwa Bwana Famau, ambaye nitamwandikia barua yake peke yake. Likizo nimeiomba na nimeipata, mwezi wa Oktoba. Jaafar anataka kuja nami. Nimemweleza kuwa yule bibi harusi ni dada yangu na kwamba nilimkana, naye akaniomba radhi kwa maneno ya siku ile. Lori la kipaza sauti limepita leo likitangaza filamu nyingine mpya. Hatukutoka nje.

Kwa desturi sifuti kitu katika shajara. Nilichokiandika kwa makosa hukiacha, ili nijue nilivyokuwa siku ile. Lakini jana usiku niliufungua ukurasa wa tarehe 25 Mei. Nilikuwa nimeandika: "Kiooni, Mzungu mwanamume, kofia pana, sura haionekani."

Nimepiga mstari mmoja juu ya maneno yale, kwa rula. Pembeni nimeandika: "Mama. Alivaa kofia ili Alawiya asilie."

Mwanao,
Ridhwani